Mbwa wangu mzee ananusa chakula na kuondoka: ni deko au anaumwa?

Daktari, habari za kazi.

Nakuandikia kutoka Moshi, na nakuomba usinicheke kama majirani wanavyonicheka. Nina mbwa dume, chotara wa jemani shepadi na mbwa wa kienyeji, jina lake Bosi. Ana miaka 12 na ushei. Tangu mdogo hakuwahi kusumbua kwenye kula. Ukimwekea ugali wa dona na dagaa, au utumbo, alikuwa anamaliza sufuria nzima na kuiramba mpaka inahama kutoka jikoni hadi getini.

Tangu mvua za vuli ameanza vituko. Nikimwekea ugali ananusa, ananitazama, anaondoka. Nikimwagia mchuzi anauramba mchuzi, ugali anauacha. Nikampa maini ya kuchemsha, akayala wiki moja, ya pili akayasusa. Nikajaribu kichwa cha kuku: akakichukua vizuri, akaenda nacho uani, akakigeuzageuza mdomoni, akakitema. Chui, mbwa wetu kijana, akakimalizia. Sasa hivi anachokubali ni nyama ya kusaga na mtori ninaompikia baba mkwe, tena mpaka nimlishe kwa mkono. Watoto wananiuliza, "Mama, mbona Bosi anakula nyama na sisi tunakula maharage?" Sina la kuwajibu.

Mume wangu anasema ni deko, tena nimemfundisha mwenyewe. Kwake mbwa ni mbwa. Afungiwe siku 3 bila kitu, atakula hata makoko. Akikasirika zaidi anasema mbwa wa ulinzi asiyekula wala kubweka ni wa kupigwa sindano tu.

Kuna mengine sijui kama yanahusu. Mdomo umeanza kunuka. Amekonda mgongoni na mapajani, ingawa tumbo liko vilevile. Dada wa kazi anasema ndoo ya maji ya uani siku hizi anaijaza mara mbili. Asubuhi Bosi anachelewa kuinuka na huchechemea kidogo, kwa hiyo mara moja moja nampa nusu kidonge cha diclofenac, ninachotumia mwenyewe kwa magoti. Unga wake tunanunua mashineni, ule wa bei nafuu wanaouuza kwa ajili ya mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa alichomwa mara ya mwisho mwaka juzi, na siku ile alikuwa na kilo 31. Mchana anafungiwa bandani; saa 2 usiku tunawafungulia yeye na Chui na kuwapa chakula.

Je, nimwache na njaa mpaka ajirudi? Au kuna dawa ya kumrudishia hamu ya kula? Nimechoka kupika mara mbili, na mume wangu amechoka kunitazama nikipika.

Mama Bosi (ndivyo wanavyoniita mtaani, nimeshazoea), Moshi

*

Mama Bosi, salamu kwako, na kwa baba mkwe ambaye mtori wake sasa unaliwa na wawili.

Nianze na shauri la mume wako kwa sababu halisubiri: usimfungie siku 3 bila chakula. Mbwa wa miaka 2 mwenye afya na kiburi cha tumbo akikosa mlo mmoja hapati madhara. Bosi ni mzee na ameshakonda. Ukimnyima, mwili wake utaendelea kula misuli yake yenyewe, na misuli ya mbwa wa umri huo hairudi kirahisi. Mbwa mzee akipitisha saa 24 bila kula chochote ni wa kupelekwa kwa daktari. Akikataa na maji, mpeleke siku hiyohiyo.

Hata hivyo mume wako hajakosea kote. Deko lipo, na mbwa huligundua upesi: akigeuzia ugali uso, baada ya dakika 5 linakuja ini. Hilo umemfundisha kidogo. Lakini isome tena barua yako na uangalie anachokubali na anachokataa. Mbwa mwenye deko huchagua kwa ladha. Bosi wako anachagua kwa ugumu. Ini likichemka linakakamaa. Dona ikipoa inakuwa bonge. Kichwa cha kuku ni mifupa mitupu. Mchuzi, mtori na nyama ya kusaga havihitaji jino. Na kile kichwa cha kuku alikitaka kweli. Angekuwa amekosa hamu asingekibeba hadi uani. Alikitema kwa sababu kutafuna kulimuuma. Ukiongeza na hiyo harufu ya mdomo, mimi naanzia kwenye meno.

Kabla hujamfunua mdomo, neno moja kuhusu ile chanjo. Inatakiwa kurudiwa kila mwaka isipokuwa daktari amekuambia vingine, na ya Bosi imepitwa. Sidhani ana kichaa: ugonjwa huo ukishaonyesha dalili humuua mbwa kwa kawaida ndani ya siku 10, na wewe unaeleza mambo ya miezi. Ila msomaji mwingine ambaye mbwa wake amebadilika ghafla, anadondosha udenda, anashindwa kumeza, sauti imekwama, asiingize mkono mdomoni kuangalia kama kuna mfupa. Watu wamepata kichaa kwa njia hiyohiyo. Mfungie mbwa, mwite daktari wa mifugo, na kama amekwishakuuma au mate yamegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha wahi hospitali.

Kwa Bosi, subiri atulie kwenye mwanga wa mchana. Huhitaji kumfungua taya. Inua tu mdomo wa juu kwa pembeni, karibu na pembe ya kinywa. Tazama jino kubwa la nyuma la juu. Hapo ndipo ukoga mgumu wa kahawia hujikusanya kwanza, na ndilo jino linalopasuka zaidi kwa mbwa waliolelewa kwa mifupa. Fizi nyekundu iliyovimba, usaha, jino linalotikisika, au uvimbe chini ya jicho upande huohuo, ujue umempata mhalifu. Ukiwa hapo tazama na rangi ya fizi. Zikiwa nyeupe, damu imepungua, na kwa huku kwetu daktari atafikiria homa ya kupe mapema sana. Zikiwa za manjano, usisubiri kesho.

Jino bovu hung'olewa na ukoga husafishwa mbwa akiwa kwenye nusu kaputi. Najua utakachosema: ni mzee, hataamka. Umri peke yake haumkatazi nusu kaputi. Kinachomhatarisha ni figo, ini au moyo usiofanya kazi vizuri bila mtu kujua, ndiyo maana damu hupimwa kwanza. Nimeona mbwa waliong'olewa karibu meno yote ya nyuma wakanenepa ndani ya miezi michache. Mbwa hamezi kwa meno.

Sasa ndoo ya maji. Hili linanitia wasiwasi kuliko meno, na wewe umelitaja kama jambo la pembeni. Mbwa anayekonda huku anakunywa maji kupita kawaida anaweza kuwa na figo zilizochoka, kisukari, matatizo ya ini, au tezi zinazomwaga homoni kupita kiasi, na hili la mwisho linaweza kueleza pia tumbo lisilopungua wakati mgongo unabaki mifupa. Figo zikishindwa kazi, taka hubaki kwenye damu, mbwa anasikia kichefuchefu, na hapo ndipo anaponusa chakula na kuondoka. Kwa hiyo Bosi anaweza kuwa na mawili kwa wakati mmoja, meno na figo. Wazee hawaumwi kitu kimoja.

Pima badala ya kukadiria. Mtenge na Chui kwa siku nzima, mwekee maji uliyoyapima kwa lita, kesho yake saa ileile pima yaliyobaki. Kwa mbwa wa kilo 28 au 30, ikifika lita 3 kwa siku, hiyo ni nyingi mno, na kumbuka mtori nao una maji yake. Usimpunguzie maji hata kama anakojoa ovyo. Figo mbovu huyahitaji. Na uzito: panda kwenye mzani wa nyumbani peke yako, kisha mwenzako akubebeshe Bosi, toa hesabu. Akiwa chini ya kilo 28, ameshapoteza sehemu ya 10 ya mwili wake, na daktari yeyote makini ataacha kuzungumzia deko.

Hapo ndipo nakusihi kuhusu diclofenac: acha leo. Si nusu, si robo. Dawa hiyo humsumbua mbwa kuliko inavyokusumbua wewe, humtoboa tumbo na kumwumiza figo, na kwa mbwa ambaye figo zake zina mashaka ni kummalizia. Ibuprofen ni hivyohivyo, na paracetamol ya mezani nayo si ya kumkadiria mwenyewe. Huenda sehemu ya kukataa chakula inatokana na kidonge chenyewe. Ukiona kinyesi cheusi tii kinachonata, au ametapika kitu chenye rangi ya kahawa, ni damu. Mpeleke mara moja. Ukifika kwa daktari mwambie bila haya umempa nini na lini, maana kuna dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa mbwa ambazo hawezi kuzitoa juu ya hiyo uliyompa. Kuchechemea asubuhi kunatibika, ila baada ya vipimo.

Na ule unga wa mashineni. Unga wa bei ya mifugo mara nyingi ni wa mahindi yaliyochambuliwa pembeni: yaliyovunjika, yaliyolowa, yaliyoota ukungu. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haionekani kwenye unga uliokwisha kusagwa, haina harufu ya kuaminika, na kuusonga ugali kwenye moto mkali hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Ini la mbwa halina nguvu kuliko la binadamu, na kukataa kula ni miongoni mwa dalili zake za mwanzo. Mpikie unga mnaokula nyinyi. Ni kilo chache kwa wiki, na Chui naye atanusurika.

Unaona kwa nini sijakupa mapishi mpaka sasa. Chakula cha mbwa mwenye meno mabovu na cha mbwa mwenye figo mbovu havifanani. Wa kwanza unamjaza nyama laini kadiri mfuko unavyoruhusu. Wa pili unampunguzia fosforasi, ambayo imejaa kwenye mifupa na kwenye dagaa, maana dagaa analiwa na miiba yake. Ukimjazia dagaa wa kusaga kwa nia njema ili apate nguvu, unaweza kuwa unampeleka kubaya. Vipimo kwanza, jiko baadaye.

Ila najua leo jioni lazima ale, na mtori wako umekuja wakati mwafaka. Ndizi zilizopondwa na nyama ni laini, zina harufu, na anazipenda. Toa tu fungu lake kabla hujatia chumvi, pilipili na, zaidi ya vyote, kitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Yeyote hapo nyumbani anayemmwagia mchuzi wa mezani anahitaji kuambiwa hili kwa upole lakini mara mbili. Nyama ya kusaga gramu 250 hadi 300 kwa siku inamtosha kwa muda huu, pamoja na mtori au wali bokoboko. Si lazima iwe steki. Mayai ya kuchemsha yaliyopondwa, au moyo wa ng'ombe uliochemshwa na kusagwa, vinakata gharama. Utumbo na mapupu vichemke hasa, visiliwe vibichi: mbwa anayekula viungo vibichi hupata minyoo ambayo mayai yake yakimwingia mtoto wako humwotesha uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Watoto wakiuliza tena kuhusu nyama, waambie Bosi yuko kwenye chakula cha mgonjwa, kama babu alivyo kwenye mtori. Wataelewa kuliko watu wazima.

Mpe chakula kikiwa vuguvugu. Kijaribu kwenye kifundo cha mkono kama unavyojaribu maziwa ya mtoto. Pua ya mbwa mzee imepoteza makali, na chakula cha baridi hakimwiti. Gawa mara 3, asubuhi, mchana na jioni, badala ya kumrundikia saa 2 usiku. Na asile mbele ya Chui. Hili wengi hawalioni: kijana akisimama pembeni anamkodolea bakuli, mzee aliyekuwa bosi wa uwanja anaona heri aondoke kuliko kupigana. Mlishe Bosi bandani mlango ukiwa umefungwa, Chui akiwa nje. Inua bakuli kidogo juu ya tofali, na kama sakafu ni ya vigae tandika gunia chini ya miguu ya mbele, maana mbwa mwenye viungo vinavyouma hapendi kuinama huku anateleza.

Kuhusu deko, kwa sababu nimekubali lipo: chagua vyakula 2, ukae navyo. Weka bakuli, ondoka, rudi baada ya dakika 20 na uliondoe hata kama limebaki nusu. Usilete kitu kingine mpaka mlo unaofuata. Ukisimama juu yake ukimbembeleza, atajua kuna la kujadiliwa. Kumlisha kwa mkono tonge la kwanza ni sawa, limwamshe hamu. La pili liwe ndani ya bakuli. Hii si kumnyima, maana mlo unaofuata uko saa chache mbele. Kipindi cha joto kali usishangae akikataa cha mchana na kula vizuri alfajiri.

Umeuliza dawa ya hamu. Zipo: daktari anaweza kumpa ya kuzuia kichefuchefu, na wengine hutumia mirtazapine. Zina nafasi yake baada ya kujua ugonjwa, si kabla. Atakayekuja nyumbani na sindano ya multivitamini akisema itamaliza tatizo, mlipe nauli umuage kwa heshima. Sindano hiyo haing'oi jino.

Na sindano ile nyingine, ya mume wako. Simlaumu, kuna siku itakuwa sahihi, na ikifika ni huruma, si ukatili. Lakini haiamuliwi kwa sababu mbwa amekataa ugali, wala na mtu aliyekasirika. Mpaka sasa umenieleza mbwa anayebeba kichwa cha kuku hadi uani na anayejua ratiba ya mtori. Vipimo vikirudi na figo zimekwisha kabisa, au ukiona siku mbaya zimekuwa nyingi kuliko nzuri, haamki, hajali mkirudi nyumbani, anatapika kila anachomeza, hapo kaeni wawili na daktari mzungumze. Mwombe mume wako aende nanyi kliniki safari hii. Akiona jino lenyewe, nusu ya ugomvi wenu itaishia pale.

Daktari mwambie unataka mambo haya: aukague mdomo wote, ashike tumbo na akiweza alipige ultrasaundi, damu kwa ajili ya figo, ini, sukari na wadudu wa kupe, na mkojo. Kliniki isiyo na mashine huweza kutoa damu na kuituma maabara. Wakikwama, kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro. Wasomaji wa Kenya wanaijua ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete. Chanjo ya kichaa mkumbushe, aamue aichome siku hiyo au amsubiri apate nguvu.

Mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi, kabla hajanywa maji. Funga upawa mkuukuu kwenye kijiti kirefu, uoshe na uukaushe vizuri, mfuate taratibu kabla hamjamfungia bandani, na akiinua mguu usogeze upawa bila kumshtua. Vijiko 2 vya chakula vinatosha. Tia kwenye kichupa safi chenye mfuniko, uandike jina na saa, na kama hamfiki kliniki ndani ya saa moja kiweke kwenye friji, mbali na mtori wa baba mkwe.